MIZINGA YA MTI
Meli za Vita za Ziwa Tanganyika na Kazi ya Kuziunda kwa Mfano



Makala haya yanahusu meli ndogo ndogo za kuwekwa mezani. Huenda baadhi yenu mkasema kwamba hilo si jambo la kuwashughulisha watu wazima wenye mashamba ya mahindi na watoto wa kusomesha. Naomba subira yenu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba kazi ya kuunda meli na ndege za vita kwa mfano, ambayo huku kwetu inadhaniwa kuwa ni mchezo wa watoto wa Ulaya, inayo sehemu yake katika historia ya Ufipa. Tena nataka kuonyesha kwamba tusipoishika kazi hiyo sisi wenyewe, wengine wataendelea kutuundia historia yetu, na katika kuiunda watawaacha nje babu zetu.

Kazi yenyewe

Kuunda meli kwa mfano maana yake ni kuipunguza meli ya kweli kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Ukichagua kipimo cha 1 kwa 100, kila meta moja ya meli huwa sentimeta moja mezani. Mlingoti, tundu la dirisha, nanga na bomba la moshi, vyote hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mafundi wa meli hupenda kipimo cha 1 kwa 350 au 1 kwa 700, kwa sababu meli za vita ni kubwa. Mafundi wa ndege hupenda 1 kwa 72 au 1 kwa 48.

Zamani mafundi walichonga kwa mti na kukunja bati. Baadaye vikaja viwanda vilivyouza vipande vya plastiki ndani ya masanduku, na fundi akabaki na kazi ya kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi. Siku hizi imekuja njia ya tatu, nayo ni kuchapa kwa resini. Resini ni ulimbo wa kiwandani, mzito kama asali nyepesi, ambao ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hugeuka kuwa mgumu. Mashine huumulika tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina unene wa sehemu ndogo sana ya milimeta, mara nyingi 0.05. Kwa hiyo kitu chenye kimo cha sentimeta moja kina tabaka 200. Hapo ndipo mtu anapoweza kupata ngazi ya meli yenye vipago vyembamba kama unywele, jambo ambalo kisu na mti haviwezi.

Lakini kazi haiishii kwenye mashine. Kitu kikitoka humo kimejaa matone ya ulimbo na vijiti vilivyokishikilia. Huoshwa kwa spiriti, vijiti hukatwa kwa uangalifu, kisha kitu huwekwa tena kwenye mwanga ili kikomae. Baada ya hapo hupigwa msasa, hupakwa rangi ya kwanza ya kijivu inayoonyesha kila kasoro, hupigwa msasa tena, ndipo rangi zenyewe zinapoanza. Mwisho fundi hutia kutu, masizi na mikwaruzo, kwa kuwa hakuna meli ya kazi iliyo safi kama sahani.

Kwa hali ya hewa ya Sumbawanga kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni baridi. Katika miezi ya Juni na Julai ulimbo huwa mzito na tabaka hazishikani vizuri. Hapana budi kuweka chupa yake katika maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza. La pili ni jua letu la nyanda za juu, ambalo lina nguvu ya kutosha kukomaza kazi bila taa ya kununua. Jambo la tatu ni la mahali popote: ulimbo mbichi ni sumu kwa ngozi. Asiyevaa glavu na asiyefungua madirisha asiiguse kazi hii, na maji ya kuoshea yasimwagwe mferejini.

Meli zilizobebwa vipande vipande

Sasa nije kwenye historia. Mtu akitafuta meli ya vita ya kuunda, duniani kote atakutana na majina makubwa ya bahari za mbali. Sisi tunazo zetu. Kutoka Sumbawanga ukiteremka kwenda Kasanga, unafika ufukweni mwa ziwa ambako vita ya majini ilipiganwa baina ya mwaka 1914 na 1916.

Kubwa kuliko zote ilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina la mtu aliyekuwa gavana wa koloni hili toka 1901 hadi 1906. Ilikuwa na urefu wa meta 70 hivi na upana wa meta 10 hivi. Baada ya kuundwa ilifunguliwa yote, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipakiwa kwenye Reli ya Kati, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani walikuja nayo, Anton Rüter akiwa mkubwa wao, na pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika na Wahindi waliiunganisha upya Kigoma. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Ndugu wasomaji, hebu tulitafakari jambo hilo. Meli ile ilikuja kwetu kama zinavyokuja meli za mfano: katika masanduku, kila kipande na alama yake, ikisubiri mikono ya kuiunganisha. Tofauti ni kwamba sanduku la mfano lina jina la fundi aliyelichora, na masanduku yale 5,000 hayakuandikwa jina hata moja la waliyoyabeba.

Wajerumani walikuwa na meli mbili nyingine ndogo, Hedwig von Wissmann na Kingani. Mnamo Agosti 1914 Hedwig iliiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, na tangu hapo Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, aliishauri Wizara ya Majeshi ya Majini ya Uingereza ilete mashua za kasi. Mashua mbili zikachaguliwa, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, yaani meta 12 na ushei, za mbao, zenye mzinga mdogo mbele na bombomu nyuma. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Alipokataliwa akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni mlio wa paka na wa mbwa. Kwa Kiswahili jina la kwanza lina maana nyingine kabisa, nalo hunifanya nicheke kila niisomapo taarifa ya Kiingereza inayosema kwamba Mimi alimpiga adui.

Mashua hizo ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume katika Katanga. Hapo reli ikawa haina msaada. Zikavutwa nzima juu ya magari kupitia milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa kamba zilizoshikwa na watu. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa njiani. Zikashuka mto Lualaba, zikapanda treni tena, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani katika mapigano ya dakika chache tu. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi zikaizamisha Hedwig. Ikabaki Götzen.

Mizinga ya mti

Götzen ilikuwa imefungwa mzinga wa sentimeta 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg. Manowari hiyo ilijificha katika delta ya Rufiji, ikapigwa tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ndege zikiwa juu kuwaelekeza wapigaji. Wajerumani waliiokoa mizinga yake yote 10 wakaitumia nchi kavu. Mzinga mmoja uliofika Kigoma ulitosha kumfanya Spicer-Simson asithubutu kuisogelea Götzen.

Lakini mwaka 1916 jeshi la Wajerumani la nchi kavu lilihitaji mizinga, na ule wa Götzen ukaondolewa. Mahali pake ukawekwa mzinga wa mti. Meli kubwa kuliko zote za ziwa ikabaki ikitishia watu kwa gogo lililopakwa rangi.

Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilikuwa na habari inayofanana nayo. Mwanzoni mwa Juni 1916 jeshi la Waingereza liliikaribia boma kwa nchi kavu likitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na Spicer-Simson akatakiwa aifunge njia ya majini. Alifika tarehe 5 Juni, akaiona mizinga juu ya boma, akageuka akaenda Kituta. Usiku Wajerumani wakaondoka zao kwa vyombo vya majini. Waingereza walipoingia bomani tarehe 8 Juni walikuta kwamba mizinga ile ilikuwa ya mti.

Kwa hiyo hapa kwetu Rukwa vitu vya kuundwa kwa mfano viliwahi kufanya kazi ya kijeshi. Mfano uliigeuza meli ya vita ukaokoa kikosi kizima. Nani aliyeichonga mizinga ile? Taarifa hazimtaji. Lakini mtu anayejua ufundi wa nchi hii hatashangaa kwamba ulipatikana mkono wa kuifanya. Wafipa ni watu wa ufundi tangu kale. Malungu, yaani matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia chuma, yalikuwa na kimo cha karibu meta tatu, na mabaki yake yangali yanaonekana katika nyanda zetu. Aliyeweza kusimamisha ilungu, akajua hewa ipite wapi na moto ukae wapi, hakushindwa kuchonga gogo likafanana na mzinga.

Na hapa mwundaji wa meli anapata somo ambalo mwanafunzi wa vitabu peke yake hulikosa. Anayesoma anaweza kusema "Götzen ilikuwa na mzinga" akapita. Anayeunda hawezi kupita. Hana budi kuuliza: naiunda Götzen ya tarehe gani? Kama ni ya wakati mzinga wa Königsberg ulipokuwa melini, atie mzinga wa chuma. Kama ni ya Julai 1916, mzinga uliochapwa kwa ustadi wote wa mashine utakuwa uongo, na kijiti cha mti kilichochongwa kwa kisu kitakuwa kweli. Tarehe ndiyo roho ya historia, na kazi hii humlazimisha mtu kuiuliza tarehe.

Ndege juu ya ziwa

Wapenda ndege nao wasidhani kwamba wameachwa. Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, ambazo huteremka majini kwa maboya badala ya magurudumu. Mabawa yake yalikuwa na upana wa meta 16 hivi, mawili juu na chini, yakishikwa na vigingi vya mbao na nyaya. Zililetwa zikiwa vipande, zikaunganishwa na kurushwa kutoka ziwa dogo la Tongwe upande wa Kongo. Mwezi Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa akatupa mabomu Kigoma, akiikusudia Götzen. Mabomu hayakuizamisha. Behaeghe mwenyewe alikufa Kongo kabla ya mwaka huo kwisha.

Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito wakitumaini kuirudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa ambalo Livingstone aliliandika alipofika upande wetu wa kusini. Ilisafirisha abiria, dagaa na mahindi kwa miaka zaidi ya 90 kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu, na mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi kwao Kongo. Mwaka 2018 ilisimama kwa kungoja matengenezo makubwa. Wengi wetu tuliosoma hapa tunawajua watu waliokuja shuleni kwa kuipanda Liemba.

Nani hayumo sandukuni?

Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma vitabu kadhaa juu ya vita hii. Nilivipenda, lakini kila nilipomaliza kimoja niliona upungufu ule ule. Mabaharia wa Kizungu walitajwa mmoja mmoja, tabia zao, nguo zao na hata utani wao. Walioivuta Mimi juu ya milima ya Mitumba walitajwa kwa pamoja kama wanavyotajwa ng'ombe.

Vita hii ililiwa na wapagazi. Katika Afrika Mashariki yote walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, njaa na baridi kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mwaka ule ule Liemba ilipoanza safari, ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wamo katika maandishi ya chini tu. Nairobi wao waliwekewa mtu wao katika sanamu ya huko. Kwetu mpagazi hajapewa mwili.

Baadhi ya wenzetu wamewahi kusema kwamba kuunda meli hizi ni kuwatukuza mabeberu, na kwamba afadhali kijana aunde trekta. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Vita ile haikuwa yetu. Mataifa matatu ya Ulaya yaligombea ziwa ambalo halikuwa la yeyote kati yao, na wenyeji wakalipa kwa miili na kwa chakula cha ghalani. Lakini kuinyamazia hakumrudishi aliyekufa. Meli zimo katika historia yetu tupende tusipende, na moja ilitubeba mpaka juzi. Swali la haki ni hili: tukiziunda, tutaziunda kwa macho ya nani?

Kipimo chenyewe kinatupa jibu. Kwa 1 kwa 100, Götzen itakuwa na sentimeta 70, Mimi sentimeta 12, na mtu mzima atakuwa na milimeta 17. Milimeta 17 zinatosha kuonyesha mgongo ulioinama. Zinatosha kuonyesha kamba begani na mzigo kichwani. Kwa 1 kwa 350 mtu huyo hana hata milimeta tano, naye hupotea kwenye rangi. Ndiyo maana nasema tusichague kipimo kwa ajili ya meli. Tukichague kwa ajili ya watu.

Tufanye nini

Napendekeza kwa Chama chetu na kwa uongozi wa shule kwamba vijana waunde mambo manne kwa kipimo hicho kimoja cha 1 kwa 100. La kwanza, Götzen ya Julai 1916, yenye mzinga wa mti. La pili, boma la Kasanga na mizinga yake, pamoja na vyombo vya usiku ule. La tatu, ndege ya Short juu ya maji. La nne, na hili ndilo kubwa, Mimi ikiwa mlimani juu ya gari lake, na mbele yake safu ya watu wenye kamba.

Mashine ya resini si lazima kwa kuanzia. Karakana yetu ina misumeno na tupa. Maboksi magumu yapo dukani, bati la makopo lipo, na hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua kutengeneza gari kwa mabua au kwa waya. Mwili wa Götzen waweza kuwa wa mninga na nyumba za juu za boksi. Mashine ikipatikana, iachiwe vile vidogo: mizinga, nanga, magurudumu, na wale watu wa milimeta 17. Lakini watu hao wasichapwe wote kutoka mchoro mmoja. Kila mwanafunzi achonge au achore wake, awe na uso wake, na chini ya kibao aandikwe jina la babu yeyote wa ukoo wake aliyechukuliwa upagazi, ikiwa wazee wa nyumbani wanalikumbuka.

Hilo la majina ndilo linalonifanya niandike sasa na si mwakani. Waliobeba wenyewe hawapo tena. Watoto wao karibu wote wamekwisha tangulia. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee, na katika vijiji vya Mambwe, Lungu na Ufipa kila mwaka tunawazika. Magofu ya boma la Kasanga yanaweza kutungoja, wazee hawawezi. Mwanafunzi atakayekwenda nyumbani likizo ijayo akiwa na daftari na swali moja tu, "Nani katika ukoo wetu alikwenda Kariakoo?", atakuwa ameanza kuunda meli kabla ya kushika msumeno.

Wahenga wamesema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Manahodha wa ziwa lile wamekwisha andikwa vya kutosha. Sisi tuliopata elimu hapa, wengine tukawa maofisa, wengine walimu, wengine wafanyabiashara, tumekuwa manahodha wadogo wadogo kila mtu mahali pake. Tukikutana tena katika sherehe zetu, ningependa tuikute meza moja ndani ya bwalo, juu yake mlima wa udongo wa Ufipa, mashua ya mbao, na kamba ndefu yenye watu. Wageni watauliza jina la mashua. Mwanafunzi wa zamu na awajibu kwanza majina ya waliyoivuta.